Waya wa Ardhini

"Kinanguruma," kaka alisema. "Zima."

"Subiri kidogo."

"Nimekwambia zima. Hiki ni kinanda au mzinga wa nyuki?"

"Ni mvumo tu, kaka. Wewe piga, usiusikilize."

"Nisiusikilize kwa masikio ya nani? Mimi ni mpiga kinanda." Akaitazama mikono yake. "Nilikuwa." Akageuza uso ukutani. "Rudisha takataka zako kwa fundi redio wako. Mnafaana."

Msichana hakuinuka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ubao wake mapajani, nyaya zikimning'inia mikononi kama tambi. "Hujatia kitu mdomoni tangu jana," alisema. "Piga wimbo mmoja. Mmoja tu, halafu nitatupa kila kitu."

"Kwa mikono ipi?"

Msichana akainamia nyaya zake.

Kaka yake alikuwa amewapigia watu wengi harusi zao. Akiweka vidole kwenye kinanda, hata wazee waliokuja kula tu walisimama wakacheza. Kisha ikaja homa. Ilimlaza, ikamchemsha, na ilipoondoka iliondoka na mikono yake. Ilikuwepo bado, mizima kwa kutazama, lakini haikukunja, haikushika, haikuinua hata kijiko. Alichoweza ni kuirusha kutoka begani ikaangukia mahali kama nguo mbichi. Hospitali walisema wasubiri. Mama alikuwa mshonaji kwenye karakana ya sare, akitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo ilibidi mtu abaki nyumbani na mgonjwa. Mtu huyo akawa msichana. Sare yake ya shule ilikunjwa ikawekwa chini ya godoro, na hakuna aliyeizungumzia tena.

Mikono hiyo msichana aliizoea. Kilichomtisha ni mdomo. Siku hizi kaka alikuwa akifunga mdomo kijiko kinapokaribia, anafumba na macho, anangoja kijiko kiondoke. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Tutampoteza," mama alimnong'oneza msichana siku moja walipokuwa wanafua. "Tutampoteza tukimwangalia hivi hivi."

Ndipo msichana alipoanza kutengeneza ule ubao.

Aliokota vitu kwenye kibanda cha fundi redio, alikokuwa akifagia asubuhi kaka akiwa amelala. Alipata saketi ya kinanda cha mtoto kilichokanyagwa na gari. Akakata kopo la mafuta ya kupikia kwa mkasi wa bati, akatoa vipande vinane, akavipigilia kwenye ubao wa kabati bovu. Kila kipande akakilehemia waya na transista moja ndogo, ili mguso wa ngozi tu utoshe, bila kubonyeza. Pembeni akabandika karatasi, akachora juu yake mstari mnene wa penseli, akaurudia na kuurudia mpaka karatasi ikang'aa, maana penseli nayo hupitisha umeme kidogo, na kidole kikiteleza juu yake sauti hupanda na kushuka. Mwisho akasokota bangili ya waya wa shaba ya kumvalisha kaka mkononi. Bangili ndiyo ilikuwa siri ya kazi yote. Umeme, ule mdogo usiouma, ulitoka kwenye kipande cha bati, ukapita mwilini mwa mtu, ukatokea kwenye bangili, ukashuka ardhini. Mtu akigusa, njia inakamilika, na sauti inatoka. Asipokuwepo mtu, hakuna njia na hakuna sauti.

Kilichobaki ni huo mvumo. Fundi redio alimwambia dawa yake ni ardhi nzuri. Alijaribu nondo ya dirisha, haikusaidia. Alijaribu bomba la maji, kumbe ni la plastiki.

"Nakuja," alimwambia kaka.

"Hata usipokuja," kaka akaujibu ukuta.

Akachukua waya, tupa na koleo, akatoka uani. Jua lilikuwa limeshazama na giza lilikuwa linaanza kuingia. Wapangaji wengine walikuwa ndani wakipika. Alipita kwenye kamba za nguo, akapita bafu la wote, akazunguka nyuma yake, mahali ambapo watu hawakuwa na shughuli. Pale, karibu na ukuta, kichwa cha chuma kilichomoza ardhini. Kilikuwa kinene kama kifundo cha mkono, kimevimba kwa kutu.

Alikitikisa. Hakikusogea hata kidogo. Kimeenda chini sana, aliwaza, na moyo wake ukafurahi.

Alikisugua kwa tupa mpaka kutu ikatoka na chuma kikang'aa. Akakizungushia waya, akaukaza kwa koleo, ncha ya pili akaipitisha dirishani kwao mpaka kwenye bangili. Kisha akafanya kama alivyofundishwa, kwa kuwa udongo mkavu hukataa umeme. Alirudi jikoni, akakoroga chumvi kwenye kopo la maji, akaja akayamwaga yote pale chini.

Ardhi ikayanywa maji kwa mkupuo.

Si kwa kufyonza polepole, la. Kwa mkupuo, kama mtu mwenye kiu ya siku nyingi. Ikapanda harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Halafu akasikia, au alidhani amesikia, pumzi ndefu ikishushwa.

Haaa...

Alisimama, koleo mkononi. Ni maji, alijiambia. Ni maji yanasukuma hewa. Akatembea kurudi ndani. Hakukimbia, ila hakugeuka nyuma.

Mvumo ulikuwa umekwisha.

Chumba kilikuwa kimya, kimya safi mno. Hata kaka aligeuza shingo kutoka ukutani. Msichana alimvalisha bangili, akamsogezea ubao, akamwinulia mkono na kuuachia. Kidole cha kati kikagusa bati.

Sauti ikatoka. Nzuri, ya mviringo, haina doa.

Kaka aliitazama spika kwa muda mrefu. Kisha akaurusha mkono mwenyewe, kwa bega. Sauti ya pili ikatoka, kisha ya tatu. Alikuwa anatafuta wimbo wa watoto, ule wanaouanza wote wanaojifunza kinanda, na alikuwa akiukosea, na alikuwa akicheka.

Mama alipofika aliwakuta hivyo. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, machozi yakimtiririka. Alipopata sauti alisema, "Hilo si kopo langu la mafuta?"

"Lilikuwa tupu, mama."

"Lilikuwa na robo."

Kaka akacheka mpaka akakohoa, na jioni hiyo akala. Kijiko baada ya kijiko, mdomo akiufungua mwenyewe.

Msichana alimvua bangili, akaiweka kando ya ubao, mbali na mabati, akaenda kuosha sahani kwenye beseni. Mama alikuwa anatandika. Kaka alikuwa amelala chali, mikono imenyooka pembeni mwake.

Sauti moja ikatoka kwenye spika.

Wote watatu waliutazama ubao. Hapakuwa na mtu karibu nao.

Sauti ya pili. Ya tatu ikachelewa, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta meza.

"Nani anapiga?" kaka akanong'ona.

"Unyevu," msichana akasema. "Umande ukiingia kwenye bati, huwa hivyo." Akachomoa waya wa umeme ukutani, na ubao ukanyamaza. Mama alilala na taa ikiwaka.

Asubuhi kaka alitaka ubao uwashwe na avalishwe bangili kabla hata ya chai. Akapiga kidogo, akaacha. Akamwita msichana kwa sauti ya ajabu.

"Tazama."

Kidole cha shahada kilijikunja. Kikanyooka. Kikajikunja tena.

Msichana aliangua kilio palepale. Kufika adhuhuri mkono wa kulia wote ulikuwa unafumba na kufumbua, na baadaye ukaanza wa kushoto. Lakini bangili ikitoka, mikono ilianguka kama iliyokatwa kamba. Ikirudi, mikono iliamka. Msichana aliliona hilo na hakutaka kuliwaza. Aliona pia kwamba kifundo chenye bangili kilikuwa cha baridi kama chuma cha alfajiri. Na chini ya kucha za kaka, ambaye hakuwa amekanyaga nje tangu augue, kulikuwa na udongo mweusi.

Aliuosha kwa kitambaa. Alipotazama tena, ulikuwepo.

Na wimbo ulikuwa umebadilika. Kaka hakuwa akipiga ule wa watoto. Ulikuwa wimbo mzito, wa kujirudia, unaopanda hatua chache na kushuka, kama mtu anayepanda ngazi na kusita. Kila mara ulikatikia mahali fulani, ukaanza upya, na kila ulipoanza upya uliongeza kipande.

"Wimbo gani huo?" msichana aliuliza.

"Sijui." Kaka alikuwa akitabasamu, jasho likimtoka. "Mkono ndio unaujua."

Alasiri msichana alikwenda bafuni kuchukua ndoo. Alimkuta bibi mwenye nyumba amesimama uani, aftaba yake ya kutawadhia imemponyoka, maji yakimlowesha miguu. Alikuwa ametega sikio dirishani kwao.

"Mjukuu wangu," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Wimbo huo kautoa wapi huyo kaka yako?"

"Umemjia tu, bibi."

"Umemjia." Bibi akamshika mkono, akamvuta hadi ukutani. "Mmefanya nini nyuma ya bafu?"

Msichana akamwambia. Chuma. Tupa. Waya. Alipofika kwenye chumvi, bibi akafumba macho.

"Palikuwa na mpangaji kwenye chumba chenu," alisema. "Mtengenezaji wa ala, mtu wa watu. Wenzake wakamwonea kijicho, wakamwendea kwa mtu wa kazi hizo. Mikono yake ikafa. Kama hivi ya kaka yako. Halafu siku moja akaamka mzima, anapiga ala kuliko zamani, anapiga wimbo huo. Sisi tukashangilia. Mkewe peke yake ndiye aliyesema, aliyepona siye mume wangu."

"Mkasemaje?"

"Tukasema amechanganyikiwa." Bibi akaegemea ukuta. "Tulipokuja kuamini, tukaita watu wakamtoa yule aliyemwingia. Wakampeleka chini pale, wakapigilia chuma. Wakatuambia kiachwe na kutu yake, kisisuguliwe, kisionje chumvi. Hana njia ya kutoka ila mkono wa mtu."

"Yeye ni nani, bibi?"

"Hatukuuliza. Ungeuliza wewe?"

"Na mume mwenyewe? Yule wa kweli?"

Bibi alitazama nyuma ya bafu, akatazama chini. "Kata huo waya," alisema. "Ukate kabla hajafika mwisho wa wimbo."

Msichana alirudi ndani na koleo.

Kaka alikuwa ameketi kitandani. Mkononi alikuwa na kijiko. Alikuwa amekishika mwenyewe, vidole vyote vitano vimekizunguka, na alikuwa akichota wali uliobaki mchana, punje zikimwangukia kifuani, akitafuna kama mtu aliyerudi kutoka mbali. Aliliona koleo. Akaacha kutafuna.

"La nini hilo?"

"Kaka, inabidi tuukate waya. Nitakueleza."

"Usinieleze."

"Bibi amesema..."

"Bibi ana mikono." Sauti yake ilipasuka. "Wewe una mikono. Mama ana mikono. Unajua nilikuwa nawaza nini nikitazama huu ukuta? Unajua?" Alikiweka kijiko chini kwa uangalifu, kama kitu cha kioo, akanyoosha mkono akamshika msichana shavuni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu homa. Kiganja kilikuwa na baridi ya kuumiza. "Mdogo wangu. Ukiukata, mimi sitarudi ukutani. Huko nyuma ya ukuta ndiko nitakakokwenda. Unanielewa?"

Alimwelewa. Alimwelewa vizuri mno.

"Mpaka mama arudi," kaka akasihi. "Anione tu. Anione nimeshika kijiko. Halafu kata, mimi mwenyewe nitakushikia taa."

Mama alikuwa njiani. Jua lilikuwa linashuka. Ni muda mfupi tu, aliwaza, na akakumbuka mashavu yaliyoingia ndani, na kijiko kinachongoja mbele ya mdomo uliofungwa.

Akaliweka koleo juu ya meza.

Kaka akashusha pumzi, akaurudia ubao. "Kidogo tu, ninyooshe vidole," alisema. Wimbo ukaanza.

Msichana alisimama dirishani akimtazamia mama. Nje kulikuwa kunapoteza rangi. Wimbo ulipanda, ukasita, ukashuka. Ukapanda tena. Alikuwa ameshausikia sana, mpaka alijua pale unapokatikia, na bila kukusudia aliungoja ukatike.

Haukukatika.

Uliruka pale mahali, ukaendelea.

"Kaka, acha."

Hakuacha. Mikono yote miwili ilikuwa ikitembea juu ya mabati. Mikono tu. Kichwa chake kilikuwa kimegeuka, kinamtazama msichana, na macho yalikuwa yamejaa hofu.

"Siwezi," akasema polepole. "Dada... si mimi."

Msichana alirukia waya wa umeme, akauchomoa ukutani. Taa ndogo ya saketi ikazimika.

Wimbo ukaendelea.

Aliishika bangili. Ilikuwa imezama kwenye nyama, baridi yake ikaunguza vidole vyake. Akalinyakua koleo, akatoka mbio akaukate waya kwenye chuma chenyewe, akapita kwenye nguo zilizoanikwa, shuka likimkumbatia usoni, akalitupa, akafika nyuma ya bafu.

Chuma kilikuwa kimelala juu ya ardhi. Kirefu, kirefu kuliko alivyofikiri, na tope bichi limekishika mwili mzima.

Mahali pake palikuwa na shimo.

Waya haukuwa tena kwenye chuma. Ulikuwa umevutwa, umekazwa kama uzi wa gitaa, unatoka dirishani kwao, unapita hewani, unaingia shimoni. Kwa kila sauti ya wimbo ulitetemeka. Kitu kilikuwa kikipita ndani yake... la, vitu viwili. Kimoja kikipanda. Kimoja kikishuka.

Alibana koleo. Likateleza. Akabana tena kwa mikono yote miwili, meno yakiuma mdomo wa chini mpaka akaonja damu. Waya ulikuwa mwembamba, ule ule aliouzungushia chuma mwenyewe, na haukukubali.

Sauti ya mwisho ikapigwa. Ndefu. Ikafifia.

Waya ukalegea.

Koleo likaukata kama uzi wa kushonea.

Aliinama juu ya shimo. Lilikuwa jeusi, linanuka kile chumba kilichofungwa. "Kaka," aliita, na hakujua kwa nini analiita shimo.

Alirudi ndani akitembea kama mlevi. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mgongo umenyooka. Bangili ilikuwa sakafuni. Alikuwa ameweka mikono magotini, anaifumba na kuifumbua, anaifumba na kuifumbua, akiitazama kama mtu anayejaribu viatu vipya.

"Kaka?"

Akainua uso. Ulikuwa uso wake. Akatabasamu.

"Asante, binti," alisema.

Kaka yake hakuwahi kumwita hivyo maishani.

Mlango ukafunguka nyuma yake, mama akaingia. Mkoba ukamtoka begani, vitambaa vikamwagika. Yule kijana aliinuka kutoka kitandani, akamwendea kwa hatua za taratibu, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Mama alilia kilio ambacho msichana hakuwahi kukisikia, cha mtu aliyetuliwa mzigo wa mawe. Aliishika ile mikono, akaibusu, akaigeuza, akaibusu tena.

"Mama," msichana alisema. "Mama, mwachie."

"Njoo umshike kaka yako, mwanangu. Njoo uone ana nguvu."

"Mama, huyo..."

Juu ya bega la mama, yule kijana alimtazama msichana. Hakuwa na hasira. Alikuwa na subira tu, subira ndefu ya mtu ambaye amengoja sana na sasa hana haraka tena. Chumba kizima kilikuwa kimeanza kunuka kama lile shimo.

"Funga mlango," mama akasema akijifuta machozi. "Baridi inaingia, na kaka yako ndiyo kwanza amepona."

Msichana akausukuma mlango. Haukuwa na komeo, ulikuwa na kitasa tu cha kuzungusha, ambacho hata mtoto angekifungua. Ulifungika kwa mlio mdogo. Alibaki pale, paji la uso limeegemea mbao, akijaribu kufikiri. Shimo bado liko wazi. Chuma kiko pale. Bibi atajua watu wa kuita. Nyuma yake mama alikuwa ameanza kuimba chini kwa chini huku akiwasha jiko.

Kisha kitu kikaugonga mlango kwa nje.

Haikuwa ngumi. Lilikuwa kama bega, au kama mtu anayerusha mkono uliokufa ukaangukia mbao. Tap. Ukateleza. Tap.

Mama hakusikia. Yule kijana alisikia. "Usifungue, binti," alisema kwa upole.

Kitasa kikatikisika kidogo, kikaachwa. Chini ya mlango, kwenye upenyo, udongo mweusi ulianza kumwagika punje kwa punje, na sauti ikapita mle mle, ya mtu mwenye kiu, inayonong'ona ili mama asishtuke:

"Mdogo wangu, nifungulie wewe. Mikono yangu haikishiki kitasa."